Mdororo peke yake hausemi soko la hisa litashuka kiasi gani

Kila dalili za mdororo wa uchumi zinapojitokeza Marekani, wenye hisa huuliza swali lile lile: soko litashuka kwa asilimia ngapi? Jibu linalozunguka ni kwamba mdororo hushusha soko kwa wastani wa asilimia 30. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini anayepanga fedha zake kwa kuitegemea anaweza kuumia vibaya.

Tuifungue. Taasisi ya NBER, ambayo ndiyo hutangaza lini uchumi wa Marekani ulianza kudorora na lini uliacha, imehesabu midororo 12 tangu ule wa 1948 hadi ule wa 2020. Chukua fahirisi ya S&P 500, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, pamoja na ile iliyoitangulia kabla ya 1957, kisha pima kutoka kilele hadi bonde kuzunguka kila mdororo. Unapata maporomoko haya, kuanzia dogo: asilimia 14, 15, 17, 20, 21, 22, 27, 34, 36, 48, 49 na 57. Jumla ni 360. Gawanya kwa 12, unapata 30.

Sasa tafuta 30 kwenye orodha hiyo. Haimo. Nusu nzima ya midororo ilishusha soko kwa asilimia 22 au pungufu, na robo yake ilifyeka karibu nusu ya thamani au zaidi. Katikati imo mitatu tu, na wastani umeangukia kwenye uwazi kati ya 27 na 34. Aliyejiandaa kwa 30 alikuwa amejiandaa kwa jambo ambalo halijawahi kutokea kwa kipimo hicho hata mara moja. Tena mifano 12 ni michache mno kwa hesabu za wastani. Ondoa mmoja tu, ule wa 2007 hadi 2009, na wastani unashuka hadi 27.5.

Kosa kubwa zaidi limejificha ndani ya swali lenyewe. Watu hudhani mdororo mkali huleta poromoko kali na mdororo mwepesi huleta poromoko dogo. Linganisha miwili. Mdororo wa Julai 1981 hadi Novemba 1982 ulikuwa mchungu: Benki Kuu chini ya Paul Volcker ilikuwa imepandisha riba hadi karibu asilimia 20 ili kuua mfumuko wa bei, na ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. S&P 500 ilishuka kwa asilimia 27 kutoka Novemba 1980 hadi Agosti 1982. Mdororo wa 2001 ulidumu miezi minane, kuanzia Machi hadi Novemba, na ulipokwisha ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 5.5 tu. Soko likashuka kwa asilimia 49, kutoka 1,527 mnamo Machi 2000 hadi 776 mnamo Oktoba 2002.

Mdororo mwepesi ulileta poromoko linalokaribia mara mbili ya lile la mdororo mzito. Sababu iko kwenye bei waliyokuwa wakilipa watu kabla mambo hayajaharibika. Mwaka 1980 wawekezaji walilipa kati ya mara 9 na 10 ya faida ya mwaka ya kampuni za S&P 500. Mwaka 2000 walilipa karibu mara 30, na kwa baadhi ya kampuni za intaneti hapakuwa na faida yoyote ya kugawia bei. Mpanda ngazi hushuka, na kina cha kushuka kinategemea alikuwa amefika kidato cha ngapi.

Kwa hiyo kila utabiri wa poromoko unapaswa kugawanywa sehemu mbili. Bei ya soko ni faida ya kampuni ikizidishwa kwa idadi ya mara ambazo watu wako tayari kuilipia faida hiyo. Mdororo hugusa kile cha kwanza moja kwa moja: mauzo yanapungua, mikopo inachacha, faida inashuka. Cha pili kinaendeshwa na mambo mengine, hasa riba, mfumuko wa bei, hofu, na kiasi cha fedha ambacho Benki Kuu inamwaga au inanyonya. Utabiri mwingi wa magazetini hushughulika na cha kwanza na kukisahau cha pili, ilhali cha pili ndicho kilichofanya uharibifu mkubwa katika maporomoko kadhaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni 1973 na 1974. Tarehe 11 Januari 1973 fahirisi ilikuwa 120, na faida ya mwaka 1972 ilikuwa dola 6.42, faida ya kampuni zote ikipimwa kwa mizani ile ile ya fahirisi, yaani watu walilipa karibu mara 19. Tarehe 3 Oktoba 1974 fahirisi ilikuwa 62. Faida je? Ilikuwa imepanda, mwaka 1974 ulifunga na dola 8.89. Faida ilipanda kwa zaidi ya theluthi na bei ikakatika karibu nusu, kwa sababu bei ya mafuta na mfumuko wa bei uliovuka asilimia 12 viliwafanya watu wakatae kulipa zaidi ya mara 7. Mtabiri aliyekuwa ameijua faida ya 1974 kwa usahihi wote, hadi senti ya mwisho, bado angekosea poromoko lote.

Mwaka 2020 ukaonyesha upande wa pili. Faida ya kampuni za S&P 500 kwa mizani hiyo hiyo ilitoka dola 139 mwaka 2019 hadi dola 94 mwaka 2020, yaani ilishuka kwa takriban theluthi moja. Fahirisi ilianguka kwa asilimia 34 ndani ya siku 33 tu, kutoka 3,386 tarehe 19 Februari hadi 2,237 tarehe 23 Machi. Lakini ilifunga mwaka ikiwa 3,756, juu kwa asilimia 16 kuliko ilivyoanza. Benki Kuu ilishusha riba hadi karibu sifuri tarehe 15 Machi, na tarehe 23 Machi, siku ile ile ya bonde, ikatangaza kwamba itanunua hatifungani bila kikomo. Siku nne baadaye serikali ikapitisha mpango wa dola trilioni 2.2. Faida ilikuwa bado inazama, ila watu walikuwa tayari kuilipia mara nyingi zaidi.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Mtu husema: nitasubiri hadi soko liwe rahisi, yaani bei ishuke hadi mara 10 ya faida, ndipo ninunue. Machi 2009, soko lilipokuwa bondeni kabisa kwenye 676, faida iliyoripotiwa ya miezi 12 ilikuwa chini ya dola 7 kwa sababu benki zilikuwa zimefuta hasara za kutisha. Bei ilikuwa karibu mara 100 ya faida hiyo. Kipimo kilisema soko ni ghali kuliko wakati wowote, wakati lilikuwa rahisi kuliko lilivyokuwa kwa zaidi ya miaka 12. Faida ya mwaka mmoja haifai kuwa kigawanyo mdororo unapokuwa umeiva.

Ndiyo maana wachambuzi wengi hutumia kipimo cha Robert Shiller, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2013: gawanya bei kwa wastani wa faida ya miaka 10, baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei. Kwa kipimo hicho Desemba 1999 ilikuwa 44, Machi 2009 ilikuwa takriban 13, na kiangazi cha 1982 kilikuwa chini ya 7. Namba hizo zinasimulia vizuri kina cha shimo lililo chini ya soko. Hazisemi lini litatumbukia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kipimo hicho kimekuwa juu ya wastani wake wa kihistoria karibu muda wote, isipokuwa miezi michache ya 2008 na 2009. Aliyeuza kila kitu kwa sababu hiyo amekosa faida ya kizazi kizima. Kitumie kupimia ukubwa wa hatari, na usikitumie kama saa.

Basi tufanye hesabu kwa mikono. Tuseme fahirisi iko 4,000 na faida ya miezi 12 iliyopita ni dola 200, yaani mara 20. Tumia faida iliyokwisha kupatikana. Ile iliyotabiriwa na wachambuzi wa benki usiiguse, kwa sababu hupunguzwa kidogo kidogo, robo mwaka baada ya robo mwaka, na mara nyingi hufika chini baada ya soko kuwa limekwisha kugeuka. Weka hali tatu za faida: ishuke kwa asilimia 10, kwa 20, au kwa 35. Weka pia hali tatu za mara: zibaki 20, zishuke hadi 16, au hadi 12. Unapata visanduku tisa.

Mara zikibaki 20, poromoko linafuata faida tu: asilimia 10, 20 au 35. Mara zikiwa 16, linakuwa 28, 36 au 48. Mara zikiwa 12, linakuwa 46, 52 au 61. Tazama pembe mbili zinazopingana. Faida ikishuka kidogo, kwa 10, lakini mara zikaanguka hadi 12, unapoteza 46. Faida ikianguka kwa 35 na mara zikasimama pale pale, unapoteza 35. Pembe ya kwanza inafanana kwa sura na 1974, ya pili na 2020. Mdororo mwepesi wenye riba kali unaweza kukuumiza kuliko mdororo mzito ambao Benki Kuu imeukimbilia na ndoo.

Sehemu ngumu ni kuchagua zile mara tatu. Usizitoe hewani. Angalia kwanza riba ya hatifungani ya serikali ya Marekani ya miaka 10. Ikiwa serikali inalipa asilimia 1.5, mtu yuko tayari kununua hisa kwa mara 22, maana faida yake ni kama asilimia 4.5 ya bei na bado inazidi riba. Serikali ikilipa asilimia 5, mara 22 hizo hizo zinakosa mtetezi. Kisha angalia mfumuko wa bei, kwa sababu ndio unaoamua kama Benki Kuu iko huru kushusha riba. Mwaka 2020 ilikuwa huru. Mwaka 1974 haikuwa. Mwaka 2022 haikuwa pia: riba ilianza kupandishwa Machi, na S&P 500 ikashuka kwa asilimia 25, kutoka 4,796 hadi 3,577, bila NBER kutangaza mdororo wowote.

Hilo la 2022 linatukumbusha kwamba soko halihitaji mdororo ili lianguke. Lilishuka kwa asilimia 28 mwaka 1962 na 22 mwaka 1966. Mwaka 1987 lilishuka kwa theluthi moja, fahirisi ya Dow, ya kampuni kubwa 30 za Marekani, ikipoteza asilimia 22.6 kwa siku moja, tarehe 19 Oktoba. Uchumi uliendelea kukua mara zote tatu. Kinyume chake pia ni kweli. Kuanzia Julai 2022 riba ya hatifungani ya miaka miwili ilikuwa juu ya ile ya miaka 10, ishara inayoheshimiwa sana ya mdororo unaokuja, na wachumi wengi walisema 2023 hautapita salama. Mdororo haukutangazwa, na S&P 500 ilipanda kwa asilimia 24 mwaka huo.

Suala la muda linastahili angalizo, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kusubiri tangazo rasmi ni kusubiri basi lililokwisha kupita. NBER ilitangaza tarehe 1 Desemba 2008 kwamba mdororo ulikuwa umeanza Desemba 2007. Siku hiyo soko lilifunga likiwa tayari limepoteza asilimia 48 kutoka kilele. Ilitangaza mdororo wa 2001 tarehe 26 Novemba 2001, mwezi ule ule mdororo ulipokuwa unakwisha. Ilitangaza ule wa 2020 tarehe 8 Juni, soko likiwa limekwisha kupanda kwa asilimia 44 kutoka bondeni. Kamati hiyo haina kosa. Kazi yake ni kuandika historia kwa usahihi, nayo hungoja takwimu zikamilike. Kosa ni la anayeigeuza historia kuwa king'ora.

Kwa kawaida soko hufika bondeni kabla mdororo haujaisha: Oktoba 1990 kwa mdororo ulioisha Machi 1991, Agosti 1982 kwa ule ulioisha Novemba, Machi 2009 kwa ule ulioisha Juni. Lakini mwaka 2002 soko lilifika bondeni miezi 11 baada ya mdororo kwisha, kwa sababu bei za 2000 zilikuwa bado hazijamaliza kupoa. Kwa mara nyingine, kidato cha ngazi kilikuwa na nguvu kuliko mdororo wenyewe.

Tena bonde lina tabia ya kujifanya limefika. Tarehe 20 Novemba 2008 S&P 500 ilifunga kwenye 752, chini kwa asilimia 52 kutoka kilele. Siku hiyo kipimo cha hofu, VIX, kilifunga juu ya 80. Ukiwauliza wengi, hayo ndiyo maelezo ya bonde: hofu imefika kileleni, wauzaji wamechoka. Soko likapanda kwa asilimia 24 hadi 934 tarehe 6 Januari 2009. Kisha likateremka tena kwa asilimia 28 hadi 676 tarehe 9 Machi, na safari hii VIX ilikuwa karibu 50 tu. Hofu ilikuwa imepungua na bei zilikuwa chini zaidi. Watu hawakuwa wakipiga kelele tena. Walikuwa wamekata tamaa.

Mifano hiyo inatuleta kwenye hesabu ya asilimia, ambayo huwachanganya wengi. Aliyenunua soko likiwa limeshuka kwa 40 hudhani kwamba poromoko likifika 60 atakuwa amepoteza 20. Hapana. Alinunua kwa shilingi 60 kitu kilichokuwa cha 100, sasa ni cha 40: amepoteza theluthi moja ya fedha zake. Na njia ya kurudi ni ndefu kuliko ya kushuka. Poromoko la asilimia 20 linahitaji kupanda kwa 25, la 34 linahitaji zaidi ya 50, la 57 linahitaji zaidi ya 130. S&P 500 ilirudi kwenye kiwango chake cha Oktoba 2007 mwishoni mwa Machi 2013. Baada ya 2020 ilirudi mwezi Agosti mwaka huo huo. Dow ya 1929, iliyoanguka kutoka 381 hadi 41, ilirudi Novemba 1954. Nikkei ya Japani ilifunga 1989 karibu na 38,916 na ikasubiri hadi Februari 2024 kuivuka namba hiyo. Anayetumia Marekani pekee kama kipimo cha dunia asisahau miaka hiyo 34.

Sasa, msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam afanye nini na haya yote? Kwanza aelewe kwamba kanuni ya faida na mara inafanya kazi kila mahali, ila mikono inayosukuma soko letu ni mingine. Fahirisi ya NSE 20, ya hisa 20 za soko la Nairobi, ilifunga mwaka 2007 kwenye 5,444 na mwaka 2008 kwenye 3,521, poromoko la asilimia 35. Uchumi wa Kenya mwaka huo ulikua, japo kidogo sana. Kilichoshusha soko ni mchanganyiko: ghasia za baada ya uchaguzi, madalali wa hisa walioanguka na kuwatia watu hofu, wawekezaji wa kigeni walioitwa nyumbani na msukosuko wa benki za Marekani, na fedha nyingi za wananchi zilizokwenda kwenye hisa bilioni 10 za Safaricom zilizouzwa kwa shilingi 5 na kuanza kuuzwa sokoni Juni 2008. Mwaka ulipokwisha hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 4.

Funzo la 2023 lina uzito zaidi, kwa sababu halikuwa na ghasia za kiwango cha 2008 wala tauni. Uchumi wa Kenya ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Fahirisi ya NASI, inayojumlisha hisa zote, ilishuka kutoka 127 hadi 92, yaani asilimia 28. Safaricom, iliyovuka shilingi 40 mwaka 2021, ilimaliza 2023 ikiwa chini ya 15, na kwa kuwa kampuni hiyo moja ina uzito mkubwa mno ndani ya NASI, iliivuta fahirisi nzima. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi juu ya asilimia 5 Julai 2023, na wawekezaji wa kigeni wakawa wanarudisha dola kwao. Nyumbani, hati za hazina za siku 91 zilikaribia kulipa asilimia 16 mwaka ulipokwisha. Nani angelipa mara 15 ya faida ya kampuni wakati serikali inatoa asilimia 16 kwa mwaka kwa hati za miezi mitatu tu? Mara zilianguka, na mdororo haukuwepo.

Kwa Mkenya au Mtanzania anayeishi Ulaya, Ghuba au Marekani na anayehesabu kwa dola, poromoko hilo lilikuwa kubwa zaidi. Dola ilipanda kutoka kama shilingi 123 za Kenya hadi kama 156 ndani ya 2023. Weka pamoja, na 28 inakuwa karibu 43. Anayetabiri poromoko la soko la Afrika Mashariki bila kuweka mstari wa tatu wa sarafu ameacha sehemu kubwa ya hesabu nje.

Kuna na jambo ambalo fahirisi haionyeshi kabisa, nalo ni kama utapata mnunuzi. Tuseme una hisa 20,000 za benki ndogo, na bei ya mwisho kwenye skrini ni shilingi 30. Unafungua orodha ya maombi ya kununua: hisa 1,500 kwa 29.50, hisa 3,000 kwa 28.50, hisa 6,000 kwa 27.50, basi. Ukiuza kwa wote umepata shilingi 294,750 kwa hisa 10,500, wastani wa 28.07. Zilizobaki 9,500 hazina mtu. Nairobi bei ya hisa kwa kawaida hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo leo huwezi hata kuziuza kwa 25. Unalala nazo na kesho unaanza upya kutoka chini. Katika soko lenye biashara nyembamba zaidi, kama Dar es Salaam kwa hisa nyingi, bei ya ubaoni inaweza kukaa pale pale wiki nzima kwa sababu tu hakuna aliyenunua wala kuuza. Fahirisi inaonekana tulivu huku thamani halisi ikiwa imekwisha kuyeyuka.

Kwa hiyo karatasi ya mwekezaji wa huku inahitaji safu mbili zaidi ya ile ya Marekani. Baada ya visanduku tisa vya faida na mara, andika kila hisa unayomiliki, na mbele yake wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku katika miezi mitatu iliyopita. Gawanya idadi yako kwa robo ya wastani huo, maana ukitaka kuuza zaidi ya robo ya biashara ya siku utaivunja bei mwenyewe. Jibu ni siku unazohitaji kutoka. Benki kubwa inaweza kukupa siku moja. Kampuni ya kilimo au bima inaweza kukupa siku 60, na mdororo hauna subira ya siku 60. Hisa ya namna hiyo ihesabu kwa kisanduku kibaya kuliko vyote, hata kama kampuni ni nzuri.

Safu ya pili ni ya mahitaji. Ada ya shule ya Januari, kodi ya nyumba, mkopo wa SACCO: kila shilingi itakayohitajika ndani ya miaka mitatu isiwe kwenye hisa, iwe kwenye hati za hazina au akaunti. Kipimo hiki hakitoki kwenye utabiri wowote. Kinatoka kwenye ukweli kwamba baada ya 2007 soko kubwa kuliko yote duniani lilichukua miaka mitano na nusu kurudi lilipokuwa, na anayelazimika kuuza mwaka wa pili hageuki kuwa mvumilivu kwa sababu chati inasema soko litarudi.

Karatasi yenyewe iandike tarehe, kisha irudie kila matokeo ya robo mwaka yanapotoka. Badilisha faida kwanza, halafu riba, halafu sarafu. Namba ya poromoko ikibadilika kutoka 28 hadi 46 kwa sababu mara zimesogea na faida haijaguswa, utakuwa umejua tatizo liko kwenye riba, na kwamba cha kufuatilia mwezi ujao ni mnada wa hati za hazina na kikao cha Benki Kuu, kabla ya takwimu za Pato la Taifa.